Betri Yetu, Ufunguo wa Nani?

Kiza tunakijua sisi watu wa visiwani. Tunakijua kiza cha mafuta ya taa kuisha dukani kabla mashua haijarudi kutoka mjini, na tunakijua kiza cha kukatika umeme unaotoka Bara. Hapana mtu mzima wa Unguja aliyeusahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa bila ya umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja. Wala aliyekisahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kilipokaa hivyo tena kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudia ndoo na kandili. Lakini katika misiba yote miwili jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: kitu kimeharibika, na mafundi wanahangaika kukitengeneza.

Leo tunataka kuzungumzia kiza cha namna nyingine, ambacho kimetufikia pamoja na neema ya umeme wa jua. Katika kiza hiki hapana kilichoharibika. Jua linawaka, paneli ni safi, betri imejaa, taa ni nzima; na bado nyumba ni giza, kwa kuwa mlango wa betri umefungwa kwa neno la siri, na aliyelijua neno hilo keshakwenda zake.

Hatuyasemi haya kwa kusikia. Tuliyaona wenyewe, na tumeona ni wajibu wetu kuyaweka mbele ya wananchi na mbele ya viongozi, kwa sababu dawa yake ni rahisi kuliko dawa ya waya wa baharini, na iko mikononi mwetu.

KITUO CHA KISIWANI

Kisiwa chenyewe hatutakitaja, wala hatutamtaja mkandarasi, mfadhili au ofisi iliyohusika. Nia yetu si kumwaibisha mtu. Itoshe kusema kwamba ni kisiwa kidogo, safari ya saa moja na nusu kwa mashua ya mashine bahari ikiwa shwari, na kwamba kina kituo cha afya cha vyumba vitano. Juu ya paa la kituo pana paneli za jua. Ndani ya stoo pana inveta na betri ya lithiamu yenye seli 16, iliyowekwa katika kabati la chuma lenye kufuli.

Siku ya makabidhiano palikuwa na hema, ngoma na hotuba. Utepe ulikatwa. Mkuu wa kituo, ambaye ni muuguzi na mkunga kwa pamoja, alipewa funguo mbili za kabati na karatasi ya kutia saini, iliyoorodhesha paneli, taa, nyaya na swichi, kila kimoja kwa idadi yake. Alihesabu, akaridhika, akatia saini. Neno la siri la betri halikuwemo katika karatasi ile, na wala hapana aliyemwambia kwamba kitu kama hicho kipo.

Kwa zaidi ya mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Jokofu la chanjo lilifanya kazi usiku na mchana, akina mama walijifungua penye mwanga, na watoto wa skuli walikuja barazani usiku kusoma chini ya taa ya nje. Kisha, siku moja ya masika, waya wa pampu ya kisima ulichubuka na kupiga shoti. Chombo kinachoilinda betri kikakata umeme mara moja, kama inavyokipasa. Kijana mmoja wa kituo, mwenye kupenda mambo ya ufundi, akaing'oa pampu, akasubiri taa ziwake. Hazikuwaka. Akatoa simu yake, akafungua programu ya betri ambayo fundi wa mkandarasi alimwekea siku za mwanzo. Simu ikamwonyesha kila kitu: seli zote ziko sawa, joto ni la kawaida, chaji ni asilimia 96. Chini yake palikuwa na swichi ya kuruhusu umeme utoke. Akaibonyeza. Simu ikamtaka neno la siri.

Akajaribu 1234. Akajaribu sufuri sita. Akajaribu mwaka wa kuzinduliwa kwa mradi, kisha jina la kijiji. Baada ya mara kadhaa programu ilikataa hata kumuuliza.

Chanjo nyingi sharti zikae katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na mkuu wa kituo alilijua hilo. Kabla ya jua kuchwa alikuwa keshazipakia katika makasha ya baridi na kuzivusha kwa mashua hadi kituo kikubwa. Kwa busara yake hapana hata kichupa kimoja kilichoharibika. Lakini mtu hapakiwi katika kasha. Usiku wa tatu mama mmoja alijifungua kwa tochi ya simu iliyoshikwa na mama mkwe wake. Mama na mtoto walisalimika, tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, mkunga mwenyewe alituambia kwamba usiku ule alizaa yeye pia, kwa hofu.

BAWABU NDANI YA BETRI

Ni vyema msomaji aelewe chombo hiki ni kitu gani, kwani kuna watu waliokuwa wakikilaani kana kwamba ni adui. Betri za zamani za risasi na asidi, kama zile za magari, zilistahimili kutumiwa ovyo kwa muda, zilichakaa, basi. Betri za lithiamu hazitaki mchezo huo. Seli moja ya aina inayotumika sana katika mitambo ya jua ina volti 3.2 za kawaida. Haifai kuchajiwa kupita volti 3.65, wala kunyonywa ikashuka chini ya volti 2.5. Ukipanga seli 16 mfululizo unapata volti 51.2, na zikiwa seli za ampea-saa 280, ambazo ni za kawaida siku hizi, betri nzima hubeba uniti 14 za umeme na ziada kidogo. Hizo zatosha kuwasha taa 10 za wati 10 kila moja kwa zaidi ya saa 100.

Nguvu kiasi hicho ikikaa ndani ya kabati yahitaji mlinzi. Ndiyo maana kila betri ya namna hii huwa na kibao cha usimamizi, ambacho sisi tutakiita bawabu. Bawabu huyu hupima volti za kila seli peke yake. Hupima mkondo unaoingia na unaotoka, na pia joto. Seli moja ikitangulia wenzake, huirudisha nyuma ili zote ziende sambamba. Akiona hatari, hufunga mlango wa kuingiza umeme, au wa kutoa, au yote miwili, kwa kasi ambayo hapana mkono wa mtu utakaoiwahi. Bila ya yeye, betri hiyo hiyo ikipigwa shoti inaweza kutoa mkondo wa maelfu ya ampea, ambao huyeyusha spana na kuanzisha moto.

Na bawabu huyu hupewa maagizo. Fundi humwambia afunge mlango kwa volti ngapi, aufungue tena kwa volti ngapi, na avumilie mkondo kiasi gani. Maagizo hayo ndiyo yanayolindwa na neno la siri, na kulindwa kwake ni jambo la haki. Bawabu nyingi siku hizi huzungumza na simu kwa mawasiliano yasiyo na waya, kwa hivyo mpita njia aliyesimama nje ya dirisha angeweza, kama pasingekuwa na neno la siri, kuizima hospitali kwa kidole kimoja.

Kwa hivyo hatulilaumu neno la siri. Tunachouliza ni kwa nini alikabidhiwa nalo mtu mmoja tu, tena mtu ambaye mkataba wake ulikuwa na mwisho.

FUNDI MZEE NA KIJANA

Tulifika kisiwani siku ya sita. Stoo ilikuwa wazi na watu wamejaa mlangoni, kila mmoja na shauri lake. Yule kijana alikuwa na waya mnene mkononi. Pembeni yake alikaa juu ya ndoo fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi ya umeme kwa miaka mingi na sasa amestaafu, ambaye sheha alikuwa amemwita kutoka kisiwa cha pili.

"Mzee, shikamoo tena, lakini mimi nasema tumruke tu," kijana alisema. "Nimeona mtu akiunga waya kutoka kwenye seli moja kwa moja hadi kwenye inveta. Dakika kumi taa zinawaka."

"Marahaba, mwanangu. Na shoti ya pili itakatwa na nani?"

Kijana hakujibu.

"Bawabu kakataa kukufungulia kwa kuwa hakujui," mzee akaendelea. "Ukimuua kwa sababu hiyo, siku mwizi akija utamwita nani? Weka waya chini. Nipe kitambaa nifute kibati hiki, nione kimeandikwa nini."

Tunaamini mzee yule aliiokoa nyumba siku ile. Haraka haraka haina baraka, na katika umeme haraka hugharimu zaidi ya baraka. Aliyoyafanya baadaye tunayaeleza kwa utaratibu wake, ili yawafae wengine watakaofikwa na jambo hili.

Kwanza, alikataza kubahatisha. Kila neno la uongo linaloingizwa humzidishia bawabu ukaidi, na baadhi ya vyombo hujifunga kwa muda mrefu zaidi kila mara. Badala yake aliandika kwenye karatasi maneno yote yaliyokwisha kujaribiwa, yasije yakarudiwa.

Pili, alisoma kibati. Aliandika aina ya chombo na namba yake ya kiwandani, akapiga picha kibati hicho pamoja na ukurasa wa programu unaoonyesha namba hiyo hiyo. Alitafuta pia kijitabu cha maelezo, kikapatikana chini ya sanduku la dawa, kimeliwa na mchwa kona mbili. Katika kijitabu kama hicho huandikwa neno la siri la kiwandani, ambalo chombo huja nalo kabla fundi hajalibadilisha. Walilijaribu mara moja. Halikufaa, kwani lilikwisha kubadilishwa.

Tatu, alimtafuta mtu kabla ya kutafuta mashine. Simu ya fundi aliyefunga mitambo ilikuwa haipatikani tena. Mkandarasi alijibu kwamba fundi huyo aliacha kazi na hakuacha kumbukumbu.

Nne, aliangalia kama bawabu ana mlango wa nyuma ulio halali. Bawabu wengi, mbali na simu, wana tundu la waya ambalo fundi mwenye kompyuta na kiunganishi chake huweza kuzungumza nao. Katika vyombo vingine neno la siri la simu huzuia njia ya simu peke yake, na mwenye kufika kwa waya, ndani ya kabati lake mwenyewe, huhesabiwa kuwa ni mwenye mali. Chombo hiki hakikuwa hivyo. Waya ulisoma, lakini haukuruhusu kubadilisha.

Ikabaki njia ya tano, ya kuandikia kiwanda. Na ya sita, ambayo mzee aliiweka akiba. Hiyo ya sita ni kununua kibao kipya cha usimamizi na kukibadilisha. Watu wengi hawajui kwamba kibao na seli ni vitu viwili mbalimbali: bawabu akishindikana, seli hazipotei. Fundi aliyesomea kazi hii, kwa zana zenye mipini isiyopitisha umeme, na kwa kufuata mpangilio wa nyaya za kila seli bila ya kukosea hata mmoja, huweza kumwondoa wa zamani na kumweka mpya. Bei ya kibao ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Lakini hiyo si kazi ya kujifunzia kisiwani penye betri moja.

KIWANDA KILIULIZA SWALI

Kiwanda kiliandikiwa usiku ule ule, kwa simu ya mwalimu mkuu wa skuli, na jibu likaja siku ya pili. Lilikuwa jibu la adabu. Walisema wanaweza kutoa namba ya kufungulia, inayotengenezwa kwa kufuata namba ya kiwandani ya chombo hicho, na itatumika mara moja tu. Ila kwanza wanaomba uthibitisho kwamba anayeomba ndiye mwenye mali.

Hapo ndipo watu wote waliokuwa stoo waliponyamaza. Mwenye mali ni nani?

Risiti ya ununuzi ilikuwa kwa jina la mkandarasi. Fedha zilitoka kwa mfadhili. Jengo ni la Serikali. Karatasi ya makabidhiano ilitaja "vifaa vya umeme wa jua, seti moja", bila ya namba yoyote ya kiwandani. Na wanakijiji, waliobeba zile seli mabegani kutoka pwani wakati maji yamekupwa, hawakuandikwa popote. Kwa mujibu wa karatasi, kituo kile kilikuwa kikitumia betri ambayo hapana ushahidi kwamba ni yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii haikupotea, ilikuwa pale pale mbele ya macho yetu, imejaa chaji, na bado hatukuwa nayo.

Tunampongeza ofisa mmoja wa wilaya, ambaye alipoelezwa jambo hili hakuagiza liletwe kwa maandishi kupitia ngazi zake. Alikaa, akaandika barua fupi inayotaja jengo, chombo na namba yake, akapiga muhuri, akaipiga picha na kuituma mwenyewe. Siku ya tisa namba ikaja. Mkuu wa kituo ndiye aliyeiingiza, kwa mkono wake. Swichi ikakubali. Mlio mdogo ukasikika kabatini, na taa ya baraza, ambayo mtu alikuwa ameiacha imewashwa siku tisa zilizopita, ikawaka mchana kweupe.

MIJI MIKUBWA NAYO

Asije mtu akadhani kwamba haya ni masaibu ya visiwa vidogo na watu wasiosoma. Mwaka 2008, mwaka ule ule Unguja ilipokuwa kizani, mji wa San Francisco huko Marekani ulijikuta hauwezi kuingia katika mtandao wake wenyewe wa kompyuta. Mhandisi mmoja aliyeusimamia mtandao huo alikuwa peke yake mwenye maneno ya siri, na alipogombana na wakubwa wake alikataa kuyatoa. Alitiwa ndani, na bado hakuyatoa. Hadi meya wa mji, Gavin Newsom, alipomfuata gerezani mwezi Julai, ndipo alipompa yeye mwenyewe. Muda wote huo mtandao uliendelea kufanya kazi, ila mji haukuwa na mamlaka juu yake. Mhandisi huyo alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka minne. Lakini twauliza: na wale waliouacha mtandao wa mji mzima ukae kichwani mwa mtu mmoja, walijifunza nini?

Wengine wamelifikisha jambo hili katika sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri, namba 1542 ya mwaka 2023, inaagiza kwamba tangu tarehe 18 Agosti 2024 mtu aliyeinunua kihalali betri kubwa, ikiwa ni pamoja na zile za kuhifadhi umeme majumbani na katika majengo, apewe njia ya kusoma taarifa zilizomo katika mfumo wake wa usimamizi, ili ajue afya ya betri yake na umri uliobakia. Ni haki ya kusoma, si ya kubadilisha. Kanuni hiyo hiyo inataka mfumo uwe na namna ya kurejeshwa upya, pale ambapo betri inaandaliwa kwa kazi nyingine na kuhitaji programu tofauti. Hatusemi tunakili sheria za watu kama zilivyo. Tunasema tu kwamba wenye viwanda na wenye fedha nao wameona kuwa kununua betri pasipo kuijua hali yake ni kununua nusu ya betri.

UFUNGUO NI SEHEMU YA MALI

Wakandarasi wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Husema kwamba wakimpa kila mtu neno la siri, atatokea mjuaji atakayepandisha volti ili apate saa mbili zaidi za televisheni. Seli zitaharibika, kisha yatadaiwa malipo ya dhamana kwao. Ni kweli, mambo hayo hutokea. Lakini jibu lake lipo katika vyombo vyenyewe, kwani vingi vina ngazi za ruhusa. Kusoma kunaweza kuwa kwa kila mhudumu wa kituo. Kuwasha na kuzima kuwe kwa mkuu wa kituo na msaidizi wake. Kubadilisha maagizo ya ndani kuwe kwa fundi, na neno lake liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nakala moja kituoni na moja wilayani. Akiifungua mtu, itaonekana imefunguliwa, na ataandika jina lake na sababu. Hivyo dhamana ya mkandarasi inalindwa, na mama anayejifungua analindwa pia.

Kwa viongozi wetu, basi, tuna maombi machache. Wanapotayarisha mkataba wa mitambo ya jua kwa skuli, kituo cha afya, kisima au msikiti, waandike kwamba maneno ya siri ya vyombo vyote, vya betri na vya inveta, ni sehemu ya vifaa vinavyokabidhiwa, na kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka maneno hayo yamejaribiwa mbele ya mpokeaji, kwa simu ya mpokeaji, siyo kwa simu ya fundi. Waagize karatasi ya makabidhiano itaje namba ya kiwandani ya kila chombo na jina la mwenye mali. Wahakikishe kwamba neno la kiwandani limebadilishwa, kwani kumwachia bawabu neno ambalo kila mtu analikisia ni sawa na kutokuwa na bawabu. Na fundi au mtumishi anapohamishwa au kuacha kazi, neno libadilishwe siku hiyo hiyo, kama tunavyobadilisha saini za benki.

Kwa mafundi wetu vijana tunasema kwamba ujuzi si kuruka ulinzi. Twawahitaji sana, visiwa vyetu vitajaa betri hizi, na haifai kila moja imsubiri mtu wa kutoka mbali. Lakini wajifunze kwa watu kama yule mzee wa kwenye ndoo, aliyeanza kazi yake kwa kufuta vumbi kwenye kibati.

Na kwa wananchi wa visiwani tunasema hivi. Tumezoea, tunapoletewa kitu, kushukuru na kutouliza, tukiona kuuliza ni utovu wa adabu mbele ya mgeni. Shukrani ni jambo jema, na mila zetu zinatufundisha hivyo. Lakini mtu anayekupa nyumba hatoudhika ukimwomba ufunguo. Na akiudhika, basi nyumba ile hakukupa. Tulipokuwa tukihubiri kujitegemea hatukuwa na maana ya kukataa msaada. Maana yake ilikuwa kwamba kilichokwisha kuwa chetu tuweze kukitunza, kukifunga na kukifungua wenyewe.

Tulirudi kisiwani kile baada ya wiki tatu. Pampu imepata waya mpya, na chanjo zimerudi jokofuni. Mkuu wa kituo alitufungulia mtoto wa meza na kutuonyesha daftari lenye jalada gumu, ambalo sasa analifungia pamoja na rejesta ya wazazi. Ukurasa wa kwanza una namba za kiwandani za vyombo vyote vya stoo, tarehe ambayo neno la siri lilibadilishwa, na saini za watu wawili wanaolijua: yake, na ya yule kijana aliyekuwa na waya mkononi. Bahasha ya pili, alituambia, imeshapelekwa wilayani kwa mashua ya Jumatatu, na aliyeipokea ametia saini.

Vuli ipo njiani. Tunawaomba wakuu wote wa vituo, walimu wakuu, kamati za visima na masheha wa visiwa vyetu, kabla mawingu hayajatanda, wafungue kabati la betri mchana kweupe na waulize ni nani anayelijua neno. Kama jibu ni jina la mtu aliyekwisha kuondoka, waanze kumtafuta leo, taa zikiwa bado zinawaka.